Tarakimu Mbili za Mwisho

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile hakuwa mtu wa shule. Alitoka darasani mapema, akaingia kwenye kibanda cha mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio na mashine za kuandikia, na kila alichokijua baada ya hapo alikijua kwa vidole. Ukimpelekea printa iliyogoma, aliiwasha, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akakwambia, "Rola ya pili imelika. Siyo wino." Na kweli ilikuwa rola ya pili. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyembishia. Watu walimwita Profesa. Jina lilianza kama utani, lakini alilizoea mpaka akawa anageuka akiitwa.

Mwaka ule hospitali ilinunua printa mpya thelathini na moja, zote za aina moja. Kuzibeba na kuzipanga mezani haikuwa kazi. Kazi ilikuwa ndani ya kompyuta. Kila kompyuta ilitakiwa isahau printa za zamani, ifutiwe draiva zake, yaani zile programu zinazoifundisha kompyuta namna ya kusema na printa, kisha iwekewe draiva mpya. Kompyuta zilikuwa mia moja na kumi. Kwa mkono, kila moja ilikula dakika ishirini ikiwa na heri, na saa nzima ikiwa na ukaidi.

"Nakupa wiki moja," Katibu wa hospitali alimwambia.

"Haina shida," fundi akajibu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, hata pale alipokuwa hajui aanzie wapi.

Jumapili shemeji yake, mdogo wa mke wake, alipita nyumbani kusalimia. Shemeji huyo alikuwa anatunza kompyuta mia tatu za ofisi moja kubwa, na alizitunza akiwa amekaa kitini. Aliposikia habari ya kuzunguka meza kwa meza, aliangua kicheko.

"Shem, kompyuta mia moja na kumi kwa miguu? Wewe ni fundi au mtu wa posta?"

"Kazi ni kazi."

"Hiyo siyo kazi, hiyo ni adhabu. Lete hiyo laptop."

"Msaidie," mke wa fundi alisema kutoka jikoni. "Akishindwa huko, hasira analetewa nani? Mimi."

Shemeji akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo fundi alikuwa analiogopa kimyakimya miaka yote. Humo hakuna picha za kubofya. Unaandika amri, mashine inatii. Kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai, shemeji aliandika faili moja la amri, mistari kama sitini, lenye uwezo wa kuingia kwenye kompyuta zote kupitia mtandao, kufuta na kuweka, bila mtu kuinuka.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema. "Hapa juu unaandika majina ya printa za kufutwa, moja moja. Usiwe mvivu."

"Mimi mvivu?"

"Nakujua. Na hili neno hapa mwisho wa mstari ndilo breki. Likiwepo, kompyuta haifuti kitu. Inakwambia tu: ningefuta hiki, ningefuta kile. Unasoma orodha yote, jina kwa jina. Ukiridhika, ndipo unaliondoa. Na kila kitakachofanyika kitaandikwa kwenye faili la kumbukumbu, siku na saa. Umenielewa, Shem?"

"Nimekuelewa."

Hakuelewa yote. Lakini angemwambiaje shemeji wa miaka ishirini na tisa arudie tena?

Jumatatu Katibu alipoliona lile faili kwenye skrini, alishika kiuno. "Haya mambo umeandika mwenyewe, Profesa?"

"Nani mwingine?" fundi akasema.

Ulikuwa uongo mdogo, wa kupitisha siku. Wala hakuuhesabu kama uongo.

Jumanne saa nne asubuhi aliketi kuanza. Printa za zamani zilikuwa arobaini na saba, na kila ofisi ilikuwa imeipa yake jina inavyotaka. Moja iliitwa CHUMBA CHA KWANZA, nyingine MASHINE MBOVU, nyingine USIGUSE HII. Fundi alikuwa anachapa kwa vidole viwili, anatafuta herufi kama mtu anayetafuta sindano. Alipofika jina la kumi na mbili, Katibu akaingia na Mhasibu Mkuu.

"Nimemleta aone maajabu," Katibu alisema. Wakasimama nyuma ya kiti chake.

Fundi alisikia joto shingoni. Mikono ile ile iliyokuwa ikifungua mashine bila kuangalia, sasa ilikuwa inapapasa herufi, na wasomi wawili wakiitazama. Akafuta majina yote kumi na mawili. Mahali pake akaweka nyota. Katika amri, nyota maana yake ni vyote, chochote utakachokikuta. Alikuwa amemwona shemeji akiitumia mahali pengine, na ilionekana jambo la kitaalamu.

Akabonyeza. Breki ilikuwa bado ipo, kwa hiyo maandishi ya njano yakaanza kupanda, mstari juu ya mstari, kwa Kiingereza: ningefuta hiki, ningefuta kile.

"Mbona haifanyi kitu?" Mhasibu Mkuu akauliza.

"Inajipanga," fundi akasema.

Kama angesoma ile orodha, angeiona kwenye mstari wa thelathini na kitu. Maabara walikuwa na printa ndogo, ukubwa wa mkate, isiyochapa kitu kingine isipokuwa lebo za kubandika kwenye vichupa vya damu. Ile haikuwa ya kubadilishwa. Ilikuwa na draiva yake ya peke yake, na ndiyo pekee iliyojua ukubwa wa lebo. Lakini kusoma orodha yote ya Kiingereza mbele ya watu wawili, kwa kufuatisha kidole? Fundi akaondoa lile neno la breki, akabonyeza tena.

Ndani ya dakika sita kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha. Katibu alipiga makofi. Mhasibu Mkuu alimshika fundi bega, akasema mtu kama huyu ni hazina. Wakamchukua moja kwa moja mpaka kwa Mganga Mkuu akamwelezee, na huko chai ikaletwa.

Saa nne na nusu simu yake iliita. Alikuwa Mama Vichupa.

Mama Vichupa ndiye aliyekaa kwenye dirisha la maabara kupokea sampuli. Miaka ishirini na nane alikuwa anatoa lebo, anabandika, anapanga vichupa kwenye rafu. Kila mgonjwa alikuwa mwanawe au mama yake, kutegemea mvi. Alimzidi fundi miaka kumi, na hakuwahi kumwita Profesa.

"Mdogo wangu, hii printa yangu imeanza vituko. Namba zinakatika mwishoni."

"Nakuja, dada."

Saa tano akapiga tena. "Mdogo wangu, foleni ni ndefu. Hata ile mashine ya kusoma lebo haizisomi."

"Nakuja, dada. Niko na wakubwa."

Simu ya tatu hakuipokea.

Alifika maabara saa nane mchana. Lebo moja ilikuwa inaning'inia kwenye mdomo wa printa, akaichomoa. Jina lilikuwepo. Namba ya mgonjwa ilitakiwa kuwa na tarakimu saba. Zilikuwepo tano. Mbili za mwisho zilikuwa zimemezwa, kwa sababu draiva mpya ilidhani inachapa kwenye karatasi kubwa. Alijua pale pale. Nyota yake ilikuwa imepita hapa pia.

Akairudisha draiva ya zamani kwa dakika tano. Lebo iliyofuata ilitoka safi, tarakimu saba.

"Ilikuwa nini?" Mama Vichupa akauliza.

"Uchafu tu. Kichwa cha kuchapia kilishika vumbi, maandishi yakafifia. Nimepangusa."

"Ahsante sana. Nimehangaika mimi! Namba nimekuwa namalizia kwa kalamu, nachungulia kwenye orodha."

"Wangapi?"

"Kama arobaini hivi. Lakini nimekuwa makini."

Hapo palikuwa na nafasi. Alitakiwa kusema: dada, simamisha, tuvirudie vyote arobaini. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Katibu kichwani mwake akipiga makofi.

"Basi hakuna neno," akasema, akakusanya lebo zilizoharibika, akazitia kwenye pipa la taka na kuondoka.

*

Jumapili iliyofuata mama mmoja mtu mzima aliletwa hospitalini amezimia. Alikuwa ameanzishiwa dawa ya sukari siku tatu kabla, na sukari hakuwa nayo. Ile dawa ilimshusha mpaka akaanguka bafuni. Walimwahi, akaamka, lakini mkono ulivunjika. Mwenye sukari hasa alikuwa mwanamke mwingine, mwenye jina lile lile la kwanza na la pili, na namba zinazotofautiana tarakimu mbili za mwisho tu. Yeye alikuwa ameambiwa yuko salama, aende nyumbani.

Wote wawili walikuwa wamefika dirishani Jumanne ile asubuhi.

Vichupa vyenyewe havikuwepo. Maabara walikuwa na utaratibu wa kuviteketeza kila baada ya siku tatu. Kilichobaki ni maneno ya mtu dhidi ya mtu. Jumatatu Katibu aliwaita Mama Vichupa na mkuu wa maabara ofisini kwake, kisha akamwita na fundi.

"Huyu mama anasema namba zilikuwa zimekatika, ndiyo maana akaandika kwa kalamu," Katibu alisema. "Leo tumejaribu printa, inachapa vizuri kabisa. Wewe ndiye uliyeitazama. Namba zilikuwa zimekatika?"

Mama Vichupa alimgeukia fundi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kupata shahidi wake, sasa anapumua.

Kusema ndiyo kungeleta swali la kwa nini. Na swali la kwa nini lingeleta nyota, breki, orodha isiyosomwa, na hata nani hasa aliyeandika faili lile. Alijiona akivuliwa nguo kipande kwa kipande mbele ya watu waliomwita hazina.

"Kulikuwa na vumbi," akasema. "Maandishi yalififia. Lakini yalikuwa yanasomeka."

"Yote?"

"Yanasomeka."

"Kama yalisomeka, kalamu ilikuwa ya nini?" mkuu wa maabara akamuuliza Mama Vichupa.

Mama alikuwa bado anamtazama fundi, na hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Mwisho akasema, "Haya," akafunga mkoba wake.

Siku hiyo hiyo walimtoa dirishani. Wakampeleka chumba cha nyuma kuosha vyombo vya kioo mpaka Ijumaa, siku ya kikao cha nidhamu. Barua ya kujieleza ilitakiwa ifike kabla ya hapo. Kila mtu alijua kikao cha namna hiyo kwa mtu wa umri ule kinaishia wapi. Angemwaga unga bila hata sherehe ya kuagwa.

Maneno yakaanza. Fundi aliyasikia kila alipopita. "Mama amechoka yule." "Kalamu na yeye wapi na wapi, mkono wenyewe unatetemeka." Kijana mmoja wa maabara alikuwa anaigiza namna mama anavyosogeza kichupa karibu na pua, na wenzake wanacheka. Fundi hakucheka. Lakini hakuwaambia wanyamaze pia.

Nyumbani chakula kilikuwa hakipandi. "Una nini wewe?" mke wake akauliza. "Tumbo." "Tumbo gani la siku tatu? Kameze dawa." Akaenda kulala bila kumeza kitu. Alijiambia kwamba mama kweli alikosea, maana namba aliziandika yeye, siyo printa. Ilikuwa kweli. Aliirudia kweli hiyo mara nyingi, na kila alipoirudia aliona haya zaidi.

Alhamisi mchana mlango wa ofisi yake ukagongwa. Mama Vichupa akaingia, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni, ameshika karatasi mbili za kuandika kwa mkono.

"Fundi, samahani. Wamenifungia kompyuta, siwezi kuchapa. Niliambiwa barua iwe ya kuchapwa. Unaweza kunisaidia?"

Fundi. Siyo mdogo wangu.

"Kaa, dada."

"Sikai, nitalowesha kiti."

Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule ya zamani, herufi zimesimama wima. Fundi akaanza kuunakili kwa vidole viwili. Kwa hiyo hakuweza kuikimbia barua ile. Ilibidi aipitie neno kwa neno, kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima.

Mama alikuwa ameeleza asubuhi ile yote, foleni, simu, orodha. Kisha, kwenye ukurasa wa pili, aliandika hivi:

"Mwanzoni nilisema namba zilikuwa zimekatika. Fundi wetu amesema zilikuwa zinasomeka, na mimi namfahamu kama mtu anayesema analoliona kwenye mashine. Hana sababu ya kunionea. Kwa hiyo nimefikiri sana na ninakubali kwamba huenda namba zilikuwepo na mimi sikuziona. Jumatano nilikwenda kupimwa macho. Wamesema yanatosha kwa umri wangu, lakini siwezi tena kuyaamini. Namwomba radhi yule mama aliyevunjika mkono. Kama hospitali itaona nisirudi dirishani, sitabisha, kwa sababu ninaogopa nisije nikaua mtu."

Vidole vya fundi vilisimama.

"Umekwama?" mama akauliza. "Ni mwandiko?"

"Hapana. Mwandiko unasomeka."

Neno lile lilimtoka kabla hajalishika. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akainama, akamalizia barua, akaichapa kwenye moja ya printa mpya. Ilitoka nzuri, nyeusi, kila herufi mahali pake. Mama aliishika kwa pembe ili asiiloweshe, akaisogeza karibu na uso, kisha akaisogeza mbali, kisha karibu tena.

"Nisomee wewe mstari wa mwisho," akasema. "Siku hizi najitilia shaka."

Fundi alimsomea. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu mwingine. Mama akamshukuru, akatoka.

Aliufunga mlango, akampigia shemeji yake. Alianza kwa kuzungukazunguka, mara habari za watoto, mara mvua.

"Shem, nina kikao," shemeji akasema. "Sema."

"Lile faili. Niliweka nyota."

"Uliweka nyota wapi?"

"Mahali pa majina."

Shemeji akacheka. "Nyota! Shem! Ukafuta hospitali nzima! Si nilikwambia usome orodha? Breki je?"

"Niliitoa."

"Mungu wangu. Haya, umeharibu nini? Tutarudisha, usiogope."

Akamweleza kilichoharibika. Alianza na lebo, akaenda kwa mama aliyevunjika mkono, akaja kwa Mama Vichupa, akamalizia na barua. Shemeji alikuwa haongei tena. Fundi alisikia akitoka mahali penye watu na kufunga mlango.

"Amekwenda kupimwa macho?" akauliza taratibu.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Na kazini wanajua nani aliandika lile faili?"

"Nilisema mimi."

Shemeji akavuta pumzi. Fundi alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa, angalau utani ungekuwa umerudi. "Sitakuja kukusemea," shemeji akasema. "Wala dada yangu sitamwambia, utamwambia mwenyewe. Kumbukumbu unayo. Imeandika siku, saa, na jina lako. Ichapishe." Akakata.

Faili la kumbukumbu lilikuwa na kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa tano, saa nne na dakika kumi na nane, palikuwa na mstari unaosema printa ya lebo ya maabara imeondolewa. Chini yake mstari mwingine ulisema imewekewa draiva mpya. Kwenye ukurasa wa mwisho, saa nane na dakika tisa, draiva ya zamani ilikuwa imerudishwa. Kati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na karibu saa nne. Aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu kwa sababu hakuamini angeweza kuieleza kwa mdomo.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuwa watano mezani, na Mama Vichupa wa sita mwisho wa meza, amevaa nguo ya kutokea. Fundi hakuwa ameitwa. Aligonga, akaingia.

"Profesa, tuko kikaoni," Katibu akasema.

"Najua. Namba zilikuwa zimekatika."

Alisimama na zile kurasa mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakusema haina shida. Alisema nyota ni nini. Alisema breki ni nini na kwa nini aliitoa. Akaweka ukurasa wa tano na wa mwisho mezani. Mganga Mkuu alivaa miwani, akasoma, akampa mkuu wa maabara.

"Kwa nini hukusoma orodha?" Mganga Mkuu akauliza.

"Ilikuwa ndefu. Na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Katibu na Mhasibu Mkuu walikuwa wamesimama nyuma yangu, nikaona haya."

"Lakini faili umeliandika wewe mwenyewe," Katibu akasema. Bado alikuwa na tumaini fulani usoni, kama mtu anayeshika kamba ya mwisho.

"Sikuliandika. Ameliandika shemeji yangu. Mimi nililiharibu."

Mtu mmoja akakohoa. Katibu aliangalia meza. Fundi alielewa kwamba kilichomuuma Katibu hasa ni yale makofi yake.

"Jumatatu nilikuuliza mara mbili," Katibu akasema. "Mara mbili."

"Ndiyo, mzee. Nilidanganya mara mbili."

Wakamtoa nje, wakamrudisha baada ya dakika ishirini. Mama Vichupa amesafishwa, anarudi dirishani leo hii. Fundi amesimamishwa kazi mwezi mmoja, na atakaporudi hatagusa mfumo bila mtu wa pili kuangalia. Na mchana huu ataongozana na Mganga Mkuu mpaka nyumbani kwa yule mama aliyevunjika mkono, ajieleze mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya watoto wa mama huyo. Fundi aliitikia kila kitu. Aliona ni kidogo, kisha akaona aibu kwamba ameona nafuu.

Alimngojea Mama Vichupa kwenye korido. Mama alitoka taratibu, barua yake imekunjwa mara nne mkononi.

"Dada, nisamehe."

"Unataka nikusamehe hapa, wima?" mama akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikwenda kupimwa macho, fundi. Nikakaa kwenye benchi na watu vipofu. Usiku wa Jumatano nilimwambia mume wangu, mimi basi tena. Akalia. Yule mzee hajalia tangu tumeoana."

Fundi aliitazama ile barua mkononi mwa mama.

"Humo ndani wamesikia watu watano," mama akaendelea. "Maabara tuko kumi na wanne. Kuna yule anayeniigiza na kichupa puani. Wale nani atawaambia? Karatasi ya ubaoni?"

"Nitawaambia mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Wakaenda, mama mbele, fundi nyuma. Ilikuwa saa ya chai. Wafanyakazi wa maabara walikuwa wamejazana kwenye kile chumba kidogo cha mapumziko, vikombe mkononi. Mama alijimiminia chai, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akawapa wote mgongo nusu.

Fundi alibaki mlangoni. Alisema yote tena, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hawa walikuwa wa kiwango chake, watu wa kutaniana nao. Alipofika kwenye neno "nilidanganya," akarudi nyuma na kuanza upya sentensi. Yule kijana muigizaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Yaani mama alikuwa anaona vizuri?" dada mmoja akauliza.

"Alikuwa anaona vizuri kuliko mimi."

"Na wewe ukatuacha wiki nzima tunamsema?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyemtukana. Wala hakuna aliyesogeza kiti. Mmoja alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Fundi alisimama pale, mikono haina kazi, hajui kama mtu aliyemaliza kusema jambo kama hilo anaruhusiwa kuondoka, au anapaswa kungoja mpaka aambiwe. Alimtazama mama. Mama alikuwa anapuliza kikombe chake, anatazama nje.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "mlango huo. Vumbi linaingia."

Fundi akarudi nyuma hatua moja, mpaka koridoni, akaufunga.